Gari Halipimwi Tupu

Gari la kufukuzia rekodi ya mwendo halipimwi tupu. Hilo ndilo jambo la kwanza Bonge alilofundishwa katika karakana ile, na ndilo lililomfanya akae ndani ya gari kila lilipobadilishwa kitu, helmeti kichwani, mikanda imemkaza, huku mafundi wakilishusha taratibu kutoka kwenye jeki mpaka kila gurudumu likalie mizani yake. Injinia alisoma mizani zile akilizunguka gari kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ngeni. Uzito wa dereva ni sehemu ya gari. Dereva asipokuwemo, namba zote ni uongo.

"Bonge, usipumue, unamharibia Injinia hesabu!" fundi wa kuchomelea alimpigia kelele siku moja.

"Nikiacha kupumua utaendesha wewe?"

"Niendeshe nini, mimi hata baiskeli hunitupa. Sema kweli, asubuhi umekula nini?"

"Nimekula harufu ya chai yako."

Karakana ikaangua kicheko. Kwa wakati ule jina la Bonge lilikuwa limeshageuka kuwa uzushi. Mtu aliyepewa jina hilo alikuwa na shingo ya fahali na tumbo lililotangulia mlangoni kupiga hodi kwa niaba yake. Huyu aliyekaa ndani ya gari mashavu yalikuwa yamebonyea, na kola ya ovaroli ilimzunguka shingo bila kuigusa. Lakini majina ya utani hayakondi.

Alikuwa dereva tangu ujana wake, na hakuwahi kuendesha kitu chake. Aliendesha malori ya mchanga, akaendesha gari la maiti, akaendesha basi la shule ambalo breki zake zilitegemea sala, mpaka akaangukia kwa bosi mwenye kiwanda cha mabodi ya malori, ambaye alimpa kazi ya kumpeleka mkewe sokoni na saluni. Nyuma ya kiwanda bosi alikuwa na karakana nyingine, safi kuliko zahanati, alikojenga gari refu na jembamba, lenye mapezi mkiani, lililolala chini kama mamba anayesubiri. Wafanyakazi waliliita Mkuki. Bosi alitaka livunje rekodi ya mwendo ya magari ya daraja lake kwenye uwanda wa chumvi, ziwa la zamani lililokauka likaacha sakafu nyeupe isiyo na kilima wala jiwe.

Dereva wa kwanza, mtu wa kukodiwa mwenye miwani ya jua, aliujaribu Mkuki kidogo tu, akashuka, akaenda kujisaidia, hakurudi. Bosi akamgeukia dereva wa mkewe.

"Wewe hujawahi kuniletea gari lenye mkwaruzo. Hebu kaa humo."

Bonge akakaa. Na humo ndani, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kubeba watu na mizigo ya watu, akagundua kwamba kuna kitu anakijua kwa mwili. Makalio yake yalikuwa na masikio. Tairi za nyuma zilipoanza kuzunguka bure juu ya chumvi, yeye alizisikia kabla mshale wa kipimo cha injini haujainuka.

Wengi hudhani gari la mbio linatakiwa liwe jepesi kama unyoya. Bonge naye alidhani hivyo, mpaka Injinia alipomkalisha chini akamweleza. Injinia alikuwa msichana aliyetoka chuoni juzijuzi, mpole, anayeuma kalamu, na alimwita Bonge "kaka" tangu siku ya kwanza.

"Kaka, injini hii ina nguvu ya kulipeleka gari huko tunakotaka. Shida ni chumvi. Chumvi haishikiki. Nguvu ikizidi mshiko, tairi zinazunguka, gari haliendi. Kwa hiyo tunaweka uzito juu ya tairi za nyuma, zing'ang'anie."

"Basi jaza risasi nyuma tuondoke."

Risasi ni yale madini mazito yanayotiwa ndani ya betri, na karakana ilikuwa nayo vipande vilivyokatwa kama matofali, vyenye matundu ya kupitishia bolti.

"Nikijaza nyuma peke yake, mkia utakuwa mzito kuliko kichwa," Injinia alisema. "Ukiteleza kidogo, mkia utataka kwenda mbele uone kuna nini. Umewahi kuona mshale wenye chuma mkiani?"

"Huo utamrudia aliyeurusha."

"Ehe! Kwa hiyo na puani tunaweka. Kichwa kizito kinavuta, mapezi ya mkiani yanafuata. Ila tukizidisha mbele, tairi za nyuma zinapoteza mshiko. Ni kuvutana hivyo mpaka mahali pamoja tu panapokubali."

Kupatafuta mahali hapo ndiko kulikokuwa kazi yao. Walikwenda uwandani, Bonge akakimbiza gari, akarudi akasema linateleza wapi na kwa namna gani, Injinia akatoa tofali mkiani akaweka puani, au kinyume chake, gari likapimwa upya na Bonge ndani yake. Hata kwake mambo yakabadilika. Mkewe, fundi cherehani, alianza kuwaambia wateja wake kwamba mume wake si dereva wa madamu tena. Maana bosi alikuwa ametamka mbele ya wafanyakazi wote, akiwa amemshika Bonge bega: "Huyu ndiye atakayetuvunjia rekodi." Na rekodi huandikwa kwa jina la dereva. Jina la mtu aliyepitisha maisha yake akisubiri nje ya saluni lingewekwa kitabuni, na hakuna tajiri ambaye angeweza kulifuta.

Hicho ndicho alichokitaka, na hakukificha. Si fedha, kwa sababu hakuahidiwa fedha. Alitaka kiti kile siku ya rekodi.

Kisha kiti kikabadilishwa. Kilikuja kingine, cha kuumbwa kwa kufuata mwili, chembamba kama kijiko. Bonge alijaribu kuingia, akakwama nyongani, mafundi wakamvuta makwapa kama mtoto aliyenasa kwenye ndoo.

Bosi hakucheka. Alimwita ofisini, Injinia akiwepo, akamtajia kilo anazotakiwa awe nazo.

"Nitajitahidi nishuke hata zaidi ya hapo, bosi," Bonge alisema kwa bidii ya mtu anayetaka kupendwa.

"Hapana. Hizo hizo. Zisizidi, zisipungue."

"Hata zisipungue?"

"Injinia atakueleza."

Injinia alikuwa akiangalia sakafu. Alisema tu kwamba mizani ya gari inataka uzito usiochezacheza. Hilo lilikuwa kweli, na uongo mzuri kuliko wote ni ule unaojengwa kwa matofali ya kweli.

Basi Bonge akaanza kufunga mdomo. Yule mtu aliyekuwa akimaliza sufuria na kuuliza kama lina dada yake, sasa alikula kama anayeonja chumvi. Alikunywa maji moto. Alizunguka kiwanda akikimbia, amevaa koti zito, walinzi wakimuuliza amemwibia nani. Wakati wa chakula cha mchana alikwenda kukaa stoo, kati ya matairi, ili asione midomo ya wenzake ikitafuna. Usingizi ulimkimbia. Hasira zikaja, akampigia kelele mkewe kwa sababu ya kifuniko cha chungu kilicholia.

Mkewe aliweka mkasi chini.

"Baba watoto, kifuniko hakikukutukana. Ni tumbo lako ndilo linaloongea."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe, lakini hii ovaroli nimeipunguza mpaka pindo zimekutana mgongoni. Ukiendelea nitaigeuza soksi. Hao watu hawana mtu mwembamba tangu mwanzo?"

"Wapo wembamba. Hawajui kuliendesha."

"Haya. Na siku ukiwa mwembamba wa kutosha, watakumbuka kwamba ni wewe?"

Bonge alimwona kuwa ana wivu na ndoto ambayo haikumhusisha. Mtu mwenye njaa hana subira hata ya kupendwa.

Akafika. Mizani ya karakana ilisimama pale pale bosi alipotaka, na kiti kikamkubali kama ala inavyokubali kisu. Majaribio yakaanza tena, na safari hii gari lilikuwa kitu kingine. Palibaki kasoro moja. Katikati ya njia, chumvi nyeupe inapogeuka kijivu, ardhi ilikuwa na unyevu chini yake. Hapo tairi zilizunguka bure kila mara, mkia ukapiga kando. Bonge alirudi akasema, Injinia akahamisha tofali. Akakimbia tena, akasema, likahamishwa lingine. Mpaka alasiri moja, gari lilipogusa kijivu, mkia ulianza kwenda kando kama kawaida, kisha pua ikavuta, mkia ukafuata, gari likanyooka lenyewe kabla hajagusa chochote. Alilisimamisha mwisho wa njia, akavua helmeti, akalia kidogo mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Limekaa," alimwambia Injinia alipofika na gari la huduma. "Hata ukimweka kipofu, hapo litanyooka."

Injinia alifurahi, kisha furaha ikamtoka usoni ghafla. Bonge aliona, akadhani ni uchovu.

Siku ya rekodi palikuwa na mahema, wapiga picha, na wasimamizi wenye fulana za njano. Bonge alifika na lori lililobeba Mkuki, kwa sababu kuendesha lori bado ilikuwa kazi yake. Alikuwa ameamka na tumbo tupu, amenyoa ndevu, amevaa ovaroli iliyopigwa pasi na mkewe. Alishusha gari, akaingia hemani kuchukua helmeti. Haikuwepo.

Mtoto wa kiume wa bosi alikuwa amesimama hapo, suti mpya isiyoshika moto imemkaa vizuri, helmeti kwapani. Wafanyakazi walimwita Mrithi, asipokuwepo. Alikuwa akisoma mbali na alirudi likizo. Aliwahi kuendesha Mkuki, taratibu, kwa ajili ya kupigwa picha.

"Bonge! Mzee wa kazi!" Mrithi alimpa mkono. "Baba ameniambia umelipika gari likaiva."

Bosi alikuja nyuma yake, akamshika Bonge bega lile lile. "Leo pumzika. Umefanya kazi kubwa."

"Bosi, ulisema mimi."

"Nilisema tutavunja rekodi. Wadhamini wanataka sura changa, wewe unajua mambo ya siku hizi. Usinifanyie mkutano hapa."

Bonge alisimama. Mbele yake Mrithi aliingia ndani ya gari. Hakukwama. Kiti kilimpokea mabega na nyonga, na fundi alipovuta mikanda akaifunga, hakuna hata mmoja uliohitaji kulegezwa wala kukazwa. Ilikuwa pale pale Bonge alipoiacha.

Ndipo alipoelewa. Kilo zile alizotajiwa ofisini hazikuwa za gari. Zilikuwa za Mrithi. Kiti kiliumbwa kwa kufuata mwili wa Mrithi. Gari halipimwi tupu, na mwenye gari hakutaka mwanawe apigwe na mkia kwenye chumvi ya kijivu wakati mahali panapokubali hapajapatikana. Alihitaji mwili mwingine wenye uzito ule ule, unaojua kusikiliza tairi, ukivunjika usimtie mtu msiba mkubwa. Akautengeneza. Aliukondesha mwili wa mtu mzima kama anayechonga kipuri.

Kuna wizi usiovunja mlango. Mwizi hukusifu, hukupa kiti, hukungoja umalize kazi, kisha hukushukuru mbele ya watu. Sheria haina jina lake, na wengi wetu tumeshauzoea hata tunauita bahati mbaya.

Alimtafuta Injinia kwa macho. Alikuwa nyuma ya gari, bisibisi mkononi.

"Ulijua?"

"Kaka..."

"Ulijua zile kilo ni za nani?"

"Nilipewa namba, nikaambiwa nitengeneze gari kwa namba hiyo. Nilidhani watakwambia. Halafu siku zikaenda, nikaogopa." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Ningefanya nini?"

"Ungesema."

Alirudi kwa bosi. Alimwomba jambo moja, na aliona haya kusikia sauti yake ilivyonyenyekea. Rekodi huchukuliwa kwa wastani wa mbio mbili, za kwenda na za kurudi. "Nipe hata za kurudi, bosi. Uzito wetu ni mmoja. Gari halitaona tofauti."

"Rekodi haigawanywi kama mkate. Nenda kamweleze kijana pale panapoteleza."

Hapo ndipo palipokuwa na kitu cha mwisho kilichobaki mikononi mwa Bonge. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema njia yote ni safi. Ovaroli ilimgandia mgongoni kwa jasho. Lakini alipoinama dirishani aliona kijana mwenye vipele vya wembe shingoni, anayemeza mate mara kwa mara, na ulimi ukamfunguka wenyewe.

"Katikati, chumvi inapokuwa kijivu, punguza mafuta kabla hujafika. Usiguse breki. Likianza kuyumba usipigane na usukani, liache."

"Poa, poa," Mrithi alisema.

Hakupunguza. Kwa darubini ya wasimamizi Bonge aliona vumbi jeupe likiruka mahali pa kijivu, akasikia injini ikipiga yowe la tairi zilizokosa ardhi. Mkia ukaenda kando, mbali kuliko alivyowahi kuupeleka yeye. Bosi akaita jina la mwanawe. Kisha pua ikavuta, mapezi yakafuata, na Mkuki ukanyooka, ukaendelea kama kwamba haujawahi kuwaza ubaya. Mbio za kurudi zilikuwa hivyo hivyo. Spika ikatangaza rekodi.

Mrithi alishuka akitetemeka, watu wakambeba. Bosi alikuwa akifuta machozi na kumwambia kila aliyemsogelea: "Mmeona alivyolirudisha? Mikono ile! Hiyo huzaliwa nayo, haifundishwi." Alipomwona Bonge akikunja parachuti la kusimamishia gari, alimwita kwa furaha ya kweli, mkono wazi. "Mwakani tunaingia daraja la juu, gari jipya. Usinenepe tu, tutakuhitaji!"

Watu wakacheka kwa wema. Bonge aliweka parachuti chini.

"Bosi, hakulirudisha yeye. Limejirudisha. Limejirudisha kwa sababu mizani yake ilipatikana na mimi nikiwa ndani, nikiwa na njaa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ile rekodi ina kilo zangu ndani yake."

Wapiga picha waliangaliana. Bonge alimgeukia Injinia, mtu pekee pale aliyeweza kusema maneno mawili yakamtosha: ni kweli. Injinia alifungua mdomo. Bosi alimtazama. Akaufunga.

Mrithi, juu ya mabega ya watu, ndiye aliyeokoa hali ya hewa. "Jamani, mzee ana hasira za njaa! Mleteeni chakula, sahani mbili mbili!"

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na fundi wa kuchomelea naye alicheka, kwa sababu kila mtu alikuwa akicheka. Mtu mmoja alimletea Bonge sahani iliyofurika. Aliishika. Hakuwa na mahali pa kuiweka, akaishika tu, mpaka mafuta yakaanza kumchuruzika mkononi, ndipo akaitua juu ya pipa.

Kisha akalileta lori, kwa sababu gari halikuwa na mtu mwingine wa kulirudisha nyumbani. Walipoupandisha Mkuki, aliufunga kwa minyororo, akajaribu kila ndoano kwa mguu, akarudia ile ya nyuma ambayo hupenda kulegea. Barabara ilikuwa na watu, na watu wa barabarani hawakumkosea.

Injinia alikuja akasimama pembeni ya tairi, mikono imeshikana.

"Kaka, nitaandika kwenye ripoti. Nitaandika yote, jinsi ulivyolipata."

"Ataisoma nani?"

Bonge alipanda, akafunga mlango, akateremsha kioo. Injinia bado alikuwa pale pale, akingoja asamehewe, na Bonge hakuwa na kitu cha kumpa.

"Sogea hapo, Injinia," alisema. "Narudi nyuma."